Usinichinjie Kuku

To. Kimya kidogo. Halafu tena, to.

Nilikuwa macho kabla king'ora cha reli hakijalia, nasikiliza munyu ukidondoka ndani ya kopo karibu na mlango. Gizani sauti ile ilijaza chumba kizima. Nanyama, binti yangu wa miaka minne, alikuwa amelala ubavuni mwangu, pumzi yake ikinigusa shingo. Baba yake, Wekoye, alikuwa kazini kwenye ghala la mizigo, anapakia mahindi ya wazungu kwenye mabehewa.

Kwetu Bungoma hakuna asiyejua munyu, ila hapa Kitale, kwenye landhi, vyumba vya wafanyakazi wa reli, niliwaeleza majirani mpaka nikachoka. Unachoma maganda na mabua makavu ya maharage. Majivu yake unayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, unamimina maji juu polepole, na yale yanayochuja, yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, ndiyo munyu. Tone dogo tu ndani ya chungu, mrenda na kunde zinalainika mpaka zinateremka kooni zenyewe. Ukizidisha, ulimi unababuka.

Munyu wa asubuhi ile ya Jumatano ulikuwa wa kumpikia mama mkwe wangu. Alikuwa anakuja Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka, kutazama kama mtoto wangu atabaki kwangu au ataondoka naye.

Maneno hayo aliyaleta Wekoye mwezi wa pili, aliporudi kutoka kwao Lugulu. Aliketi kitandani bila kuvua viatu, nikajua kuna jambo.

"Mama anasema Nanyama aende akakae naye."

"Kwa nini?"

"Si ulimwona mwenyewe Krismasi? Mikono kama vijiti, nywele zimekuwa nyekundu. Na hasemi mbele ya watu. Mama anasema mtoto wa landhi anakula nini? Ugali na chai. Mboga ni ya kununua, imelala sokoni imenyauka, unaitafuna kama kamba."

Sikuweza kumbishia. Krismasi mama mkwe mwenyewe ndiye aliyembeba Nanyama mpaka hospitali ya misheni, akarudi na maagizo: mboga za majani kila siku, maharage, na maziwa yakipatikana. Tangu hapo nilikuwa najitahidi, lakini kwenye landhi kila jani linatoka kwenye mfuko wa mtu.

"Atakuja Pasaka," Wekoye akaendelea. "Ukimpikia mboga uliyopanda kwa mkono wako, mtoto abaki. Ikikosekana, anarudi naye. Na amesema usimchinjie kuku."

Hilo la kuku ndilo lililonichoma. Kwetu mama mkwe akifika, kuku anakimbizwa hata kabla mgeni hajapewa kiti. Mgeni anayekataza kuku hajaja kula. Amekuja kwa kesi.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Ningejibu nini, Agneta? Yule ni mama."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe pia ni mama. Ndiyo maana nimekuambia mapema."

Kisha akatoa mfukoni kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mbegu za kunde, na vifuko viwili vya ganda la mgomba: kimoja mrenda, kingine mnavu. "Amekutumia."

Nilizipokea kama mtu aliyechokozwa.

Sasa niwaeleze landhi ilivyo. Chumba kimoja, dirisha moja, na kibaraza ambacho watu wawili wakiketi wa tatu anasimama. Mbele ya kibaraza kuna ukuta mfupi unaonifika kiunoni, mbele ya ukuta kuna ukanda wa udongo mwembamba kama mkeka wa mtoto, halafu mtaro wa maji machafu. Baada ya mtaro ni mlango wa jirani. Ndilo shamba nililokuwa nalo.

Nilianza na madebe. Wekoye aliniletea matatu yaliyoshika kutu, na magunia yaliyochanika ambayo ghala limeyatupa. Udongo niliuchota kwenye kichaka nyuma ya mikaratusi, nikaurudisha, kwa sababu mwalimu Edah, anayetufundisha kusoma jioni, alinicheka akasema chini ya mkaratusi hata magugu hayataki kuota. Nikachota mwingine kando ya mto. Mbolea alinipa Jepkemboi anayetuuzia maziwa. Alishangaa.

"Mavi ya ng'ombe unataka ya nini, na huna hata mbuzi?"

"Nina debe."

"Debe linakula mavi?"

"Ngoja utaona."

Debe la kwanza sikulitoboa chini. Mvua moja ikaligeuza kisima, mbegu zikaoza, na Bwana Afya alipopita kukagua makopo yenye mbu akalipiga teke likamwagikia viatu vyake. Wanawake walicheka kwenye foleni ya bomba siku nzima. "Mama Nanyama, umevuna viatu vingapi?" Nikayatoboa yote kwa msumari. Bwana Afya aliporudi akainua moja, akaona maji yanapita, akaliweka chini, akaenda zake.

Baadaye wakaja kuku wa landhi. Miche yote ya mnavu iliyokuwa imeota kwenye gunia waliing'oa asubuhi moja. Nikapanda tena, safari hii nikalipandisha gunia juu ya ukuta wa kibaraza, nikalifunga kwa waya kwenye nguzo lisianguke. Kunde na mrenda zikabaki chini kwenye madebe, nimezizungushia miiba.

Nanyama alikuwa na kazi yake. Alikuwa na kikombe cha bati kilichopinda mkono, na kila jioni alichota maji kwenye ndoo akanywesha madebe, moja baada ya jingine, anazungumza nayo kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Akitaka kitu mbele ya watu huvuta shingo yangu akaninong'oneza sikioni, nami nasema kwa niaba yake. "Anataka maji." "Anasema ndiyo." Nilishazoea. Hata sikufikiri kuwa ni jambo.

Kunde zilipofunika mdomo wa debe nilianza kuchuma majani machache kila siku, nikimpikia yeye peke yake. Mimi na Wekoye tulikula ugali kwa mchuzi wa maharage. Ilipokaribia Pasaka nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi kwenye mizizi. Nilizipekua kila nikimwogesha, nisijidanganye.

Jumatano hiyo, basi, munyu ulikuwa tayari, na madebe yamejaa. Nilihesabu moyoni: Alhamisi na Ijumaa sichumi, Jumamosi napika chungu cha kutosha. Jioni nikamwacha mtoto kwa Mwihaki, nikaenda kusoma.

Mwihaki, mama yake Ngari, ndiye jirani wa ule mlango wa ng'ambo ya mtaro. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu hapa hapa Trans-Nzoia, wazazi wake wakiwa vibarua kutoka Nyeri, na mapishi yake ni ya mahindi na maharage yaliyochemshwa kwa magadi ya dukani. Ni mtu wa mkono mwepesi. Ukianika nguo mvua ikija, utazikuta zimekunjwa kitandani kwako.

Niliporudi jua lilikuwa bado liko juu ya mikaratusi. Nanyama alinikimbilia, akavuta shingo yangu.

"Nimenywesha," akaninong'oneza. "Zote."

"Vizuri sana, mama yangu."

Halafu nikaona kopo la munyu. Lilikuwa limepinduliwa juu ya ukuta, tupu.

"Mama Ngari!" nikaita. "Munyu uko wapi?"

Mwihaki akatoka akijifuta mikono. "Nini?"

"Yaliyokuwa kwenye kopo hili."

"Yale maji? Si leo bomba limekauka tangu ulipoondoka! Mtoto analia mboga zake hazijanywa, nikaona maji yamekingwa hapo bure, nikamwambia chota hayo."

"Mama Ngari, yale si maji."

"Si maji? Yanamwagika, yanalowesha, si maji namna gani?"

Nikachukua mkono wake nikachovya kidole chake kwenye udongo wa debe, nikamwonyesha aweke ulimini. Akatema mate mpaka ng'ambo ya mtaro.

"Ngai! Na hii mnakula?"

"Tone. Tunaweka tone."

Akashika kichwa. Mimi nilitaka kupiga kelele landhi nzima isikie. Lakini Nanyama alikuwa amesimama na kikombe chake kilichopinda, ananitazama, anangoja nimsifu zaidi. Nikamsifu. Ilinibidi nigeuke kidogo kwanza.

Mwihaki alikwenda mlango kwa mlango kuomba maji. Alipata ndoo isiyojaa, tukaimimina yote kwenye madebe kuosha udongo, lakini tulikuwa tumechelewa. Alhamisi asubuhi kunde zilikuwa nyeusi pembeni, mrenda umelala chini kama nguo iliyoungua pasi. Ijumaa hata shina lilikuwa limelegea.

"Sikiliza," Mwihaki akaniambia. Hakuwa amelala vizuri, niliona machoni. "Kesho alfajiri naenda soko, nakununulia kunde mbichi, za umande. Unapika. Huyo mama atajuaje? Majani yana jina?"

Wekoye naye akaunga mkono. "Kweli, Agneta. Mama hawezi kujua."

"Mama yako? Mama yako akimaliza kula ataniambia nimwonyeshe zilipotoka. Mboga ya soko inang'olewa na mizizi. Ya nyumbani inachumwa jani, shina linabaki na kovu. Atatafuta makovu. Nitamwonyesha nini?"

Wekoye akaitikia kwa kichwa. Alimjua mama yake.

Palikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki. Nanyama ni mfupi. Gunia la mnavu lililokuwa juu ya ukuta hakulifikia, na jioni ile ya munyu Mwihaki hakukumbuka kumnyanyua. Mnavu ulikuwa mzima, majani ya kijani iliyokolea, ila ulikuwa wa gunia moja. Jumamosi nilichuma kila jani lililofaa. Nilipoutia motoni ulinywea, ukajaza bakuli la mtoto tu. Nikauchemsha, nikamwaga maji ya kwanza machungu, nikaupika kwa maziwa ya Jepkemboi.

Mama mkwe, Nakhungu, alishuka kwenye basi la Bungoma mchana, amevaa kanzu yake ya kanisani, na kwapani amebana kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Nikafikiri, huyu amekuja na kuku wa kumbembelezea mtoto akiondoka naye.

"Huyu si wa leo," akasema, alipoona natazama. "Mweke mlangoni."

Nilimnawisha mikono, nikamwekea ugali, nikamwekea lile bakuli. Alilitazama.

"Ni kidogo."

"Ndiyo, mama. Ni kidogo."

Hakuuliza zaidi. Alikula taratibu, tonge dogo, mboga kidogo, na kila tonge la pili alimpa Nanyama aliyekuwa amejificha nyuma ya goti langu. Mtoto alitoka, akala, akarudi mafichoni. Bakuli lilipokwisha, mama akalifuta kwa ugali, akasimama.

"Nipeleke shambani."

Tukatoka hatua tatu, tukafika. Alishika gunia la mnavu, akapitisha kidole kwenye makovu ya majani, moja moja. Akainama kwenye madebe. Mwihaki alikuwa amesimama mlangoni kwake, kitambaa mdomoni.

Mama akachukua udongo kidogo, akaunusa. Akaugusa kwa ncha ya ulimi.

"Munyu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nani aliyetia mboga munyu kabla ya kuzichuma?"

Kabla sijafungua mdomo Mwihaki akaruka mtaro. "Ni mimi, mama. Huyu hakuwepo. Mtoto alichota, lakini ni mimi nilimwambia. Nilidhani ni maji tu."

Mama alimtazama toka kitambaa cha kichwa mpaka miguu. Na mimi husema lugha ya kwetu; Kiswahili chake ni cha sokoni, anakitumia kama jembe la kuazima. "Ati wewe ndio napika mboga ikiwa hai kwa debe?"

"Ni mimi."

"Bila moto?"

Mama akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akafuta macho kwa kanga, akacheka tena. "Mimi napika miaka mingi, bana, hii sijaona!" Na sisi tukacheka, kwa kuogopa kwanza, halafu kweli.

Alipotulia akakunja mikono ya kanzu. Akatuambia tumwage udongo wote wa madebe kwenye mtaro, ulioungua haufai. Wekoye akatumwa mtoni na karai mara nne kuleta udongo mwingine, katika shati lake la Jumamosi. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa mbegu nyingine za kunde. Alikuwa amekuja nazo. Nilitazama lile fundo, nikaelewa kwamba hata lile la mwezi wa pili hakunitumia kwa kunichokoza. Mtu anayetaka ushindwe hakupi mbegu.

Alimwita Nanyama, akamwonyesha kutoboa udongo kwa kidole mpaka kiungo cha kwanza. Walifanya wote wawili, wamechuchumaa, bila neno. Mtoto akatoboa, bibi akadondosha.

Pasaka tulikwenda kanisani pamoja. Lakini hakuwa amenipa jibu, na mimi sikuthubutu kuuliza. Usiku ule nilimshika mtoto mpaka akanisukuma kwa kiwiko.

Jumatatu asubuhi mama alifunga mzigo wake. Kuku akabaki mlangoni.

"Huyo ni wa mayai ya mtoto," akaniambia. "Lakini mfungie. Akila hizo kunde nitamchinja mwenyewe."

"Asante, mama."

"Mikono yako nimeiona. Nilifikiri umekaa mjini unangoja duka. Sivyo. Na nywele zake zimeanza kurudi." Alimnyanyua Nanyama, akampima mikononi kama anavyopima mtungi, akamweka chini. "Lakini mimi nina ng'ombe, nina mboga mpaka nyuma ya jiko, na nyumba haina mtu. Na huyu hajanisemesha tangu nimefika. Mtoto asiyesema, huwezi kujua ana njaa au ana huzuni. Sasa namwuliza yeye, simwulizi mtu mwingine. Akininyamazia, nitampeleka mpaka apate sauti. Nanyama, mjukuu wangu, unakuja na kukhu, bibi yako, Lugulu, au unabaki?"

Wekoye alitazama chini. Basi lilikuwa linapiga honi stendi.

Nanyama alinyoosha mkono kuvuta shingo yangu. Mwili wangu ulianza kuinama wenyewe, kwa mazoea, sikio mbele. Ningeweza kusema kwa niaba yake, ningesema vizuri, na mama asingeniamini.

Nikasimama wima.

Mkono wake ulibaki juu, hauna pa kushika. Alinitazama, nikafikiri atalia, na mimi nilikuwa karibu kulia kabla yake. Nikaweka mkono nyuma ya kichwa chake, basi, sikumsukuma. Akatazama madebe yaliyojaa udongo mpya mweusi. Akachukua kikombe chake juu ya ukuta, akakishika kwa mikono miwili, akamgeukia bibi yake.

"Kukhu, mimi nabaki, mbegu zetu hazijaota."